Ngumi za Zohali

Siku moja baada ya kumzika Fundi Chilumba, nilikuwa nimekaa kwenye mkeka wa wanawake nyuma ya nyumba yake Chamazi, karibu na mafiga ya msiba, nikawasikia wajukuu zake wawili wakibishana kwa sauti ya chini. Walikuwa na simu moja, wameiegemeza kwenye ndoo ya maji, wanatazama tamthilia ya mambo ya anga: watu waliovaa mavazi ya kung'aa wanapigana juu ya daraja lisilo na kingo. Kaka mtu akasema, "Stori yake hamna kitu, ila mapigano ya moto." Dada mtu akamjibu kwamba kama stori hamna kitu basi mapigano nayo ni kelele tu, sawa na kukuta watu wanagombana sokoni hujui nani kaiba nini. Halafu yule binti akanigeukia. Anajua kazi yangu ni kuandika michezo ya televisheni, na vijana wa siku hizi hawamwachi mtu na kazi yake hata msibani. "Anti, wewe unasemaje? Mapigano makali yanaweza kuiokoa tamthilia mbovu?" Swali hilo nililisikia mara ya kwanza nikiwa na miaka kumi na tisa, kwenye chumba cha ushonaji Tandika, na aliyelishikilia kuliko wote alikuwa babu yao tuliyemzika jana. Nikamwambia, "Nipe muda, mwanangu, nimalize chai." Chai yenyewe ilikuwa imeshaisha.

Habari za kwetu nitaziruka. Itoshe kusema nilikuwa nimefeli kidato cha nne, naishi kwa shangazi yangu Kiwalani, na shangazi alinipeleka kwa Fundi Chilumba nijifunze cherehani kwa maneno ambayo mpaka leo nayasikia: "Hapa ndo mwisho wako wa kujaribiwa, Dija. Ukishindwa na hapa, mwezi ujao unapanda basi unarudi Tunduru, usinilaumu." Chumba cha Fundi kilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya kupanga, bati halina dari, vyerehani sita vya miguu vimepangwa mistari miwili kama madawati. Kulikuwa na pasi ya mkaa iliyokuwa ikinuka kitambaa kilichoungua hata ikiwa imezimwa, gunia la vipande vyekundu na vya bluu, na meza ya kukatia ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuweka kikombe juu yake isipokuwa Fundi mwenyewe, naye hakuweka. Walishona sare za shule. Mwezi wa kwanza wa mwaka chumba kile kilikuwa hakilali njaa wala hakipumui, na katika mwezi huo huo wa kwanza mimi niliharibu mashati ishirini kwa mpigo. Niliyashona mikono ya kulia kushoto na ya kushoto kulia. Kwa macho shati lilikuwa shati tu. Mwalimu akayarudisha yote siku ya pili, akasema watoto wanakaa nayo vizuri mpaka wanapotaka kujibu swali. Wakinyoosha mkono, shati lote linapanda mpaka kitovuni.

Fundi Chilumba aliyageuza yale mashati moja moja mpaka lile la mwisho. Alikuwa mtu wa Masasi, mrefu, mkimya, futi kamba shingoni saa zote hata kanisani. "Binti," akasema, "umewafunga watoto wa watu midomo." Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, nilikuwa naliona basi la Tunduru. Nikamwomba anipe wiki moja. Akaniuliza shuleni nilikuwa naweza nini. Nikamwambia kusoma kwa sauti. Nilisema hivyo kwa sababu ndilo jambo pekee lililokuja kinywani, lakini niliona Salumu, fundi wa suruali, amenyanyua kichwa kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Kumbe walikuwa na desturi yao. Kila Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, vyerehani vilinyamaza wakafanya kazi za mkono: vifungo, matundu ya vifungo, pindo za sketi. Waliiita saa ya vifungo. Mmoja hakushona, yeye alisoma hadithi ya mfululizo kutoka gazeti la wiki, na wengine wakagawana vifungo vyake. Msomaji alikuwa Salumu, ambaye alisoma kama mtu anayevuka tope. Jumamosi ile nikapewa gazeti, nikapewa kigoda mbele yao, wao wakakaa nusu duara na mashati mapajani. Walikuwa saba. Nilisoma mpaka mwisho bila kujikwaa, na nilipomaliza Bi Mwanaidi, Mzaramo wa hapo hapo Temeke aliyekuwa akitarizi nembo za mifukoni, akasema, "Angalau leo tumesikia huo ujinga vizuri." Fundi akaongeza, "Atakaa. Vifungo vyake tugawane." Hivyo ndivyo nilivyobaki Dar es Salaam.

Hadithi yenyewe iliitwa Kikosi cha Zohali, na ilikuwa mbovu jamani. Mwandishi alijiita Mwana-Anga. Kapteni Nyengo na mkewe, Dokta Rehani, walikuwa wametumwa kwenye sayari ya Zohali kupambana na Mfalme Gunza, ambaye alitaka kuiba bahari yetu aipeleke kwake. Wiki hii chombo kimeishiwa mafuta, wiki ijayo kinaruka, hakuna anayeuliza. Rubani alikufa mwezi wa pili, mwezi wa tatu akawa mezani anakula. Na mazungumzo! Kapteni alimwambia mkewe, "Ewe Dokta Rehani, kama unavyojua vyema kwamba mimi na wewe ni mume na mke na tuko hapa Zohali tangu mwaka jana, naomba nikueleze jambo ambalo tayari unalijua." Nilipoisoma sentensi ile Bi Mwanaidi alijichoma sindano. Lakini ikifika ngumi, chumba kizima kilibadilika. Sindano zilisimama hewani. Sehemu moja naikumbuka kwa moyo: "Gunza alikuwa mkubwa na mlango ulikuwa mwembamba. Kapteni hakumpiga. Aliukanyaga kwanza mguu wake wa kushoto, akauachia uzito wote pale, ndipo akamsukuma bega. Aliyekanyagwa mguu hana pa kurudi. Gunza akakaa chini kama gunia." Salumu alisimama akajaribu na ukuta.

Basi ndipo ulipokuwa ubishi wao, kila Jumamosi, juu ya sahani za wali maharage ambazo hakuna aliyekuwa ameziondoa. Bi Mwanaidi alishikilia kwamba chakula kibovu hakiokolewi na pilipili. "Mie ningekuwa huyo Dokta ningeshaomba talaka, mume gani anaongea kama tangazo la mkutano." Salumu alisema yeye hana shida na maneno, maneno anayapata nyumbani bure, anachotaka ni mkono wa Kapteni. "Nyie mnataka hadithi ya kweli, sie tunataka ngumi ya kweli." Walimgeukia Fundi aamue, naye hakuamua. Alisema tu, akiwa ameshika uzi mdomoni, "Huyo mtu hajui kuandika. Lakini anajua mwili ulipo." Mimi nilikuwa upande wa Bi Mwanaidi, tena kwa kiburi cha mtu aliyefeli mtihani. Niliona ngumi ni kitu cha wanaoshindwa kufikiri. Niliwaonea huruma.

Gazeti nililinunua mimi, njiani, nikitoka Kiwalani. Jumamosi moja ya mwezi wa nne muuzaji aliniambia halipo, na halitakuwepo tena, wenyewe wamefunga. Nilisimama pale mpaka akaniuliza kama nadai kitu. Bila gazeti hakuna msomaji. Bila usomaji mimi ni yule binti wa mashati ishirini, na mkono wangu ulikuwa bado haujui kuunganisha mkono wa shati. Nikarudi nyumbani mbio, nikachukua gazeti la wiki iliyopita, nikachana karatasi mbili za daftari, nikakaa kwenye ngazi za jirani nikaandika sehemu ya wiki hiyo mwenyewe. Mchana nilikaa kwenye kigoda changu, nikalifungua lile gazeti la zamani, karatasi zangu zikiwa ndani, nikasoma. Hawakunyanyua macho kuliko kawaida. Wameingia mtegoni, nikajisemea. Na kweli, toka siku ile mpaka Desemba nilifanya hivyo kila wiki, na gazeti likiwa lile lile moja, kwa sababu niliwaza kwamba wao wanashona na mimi ndiye ninayetazama maandishi.

Sehemu yangu ya kwanza niliionea fahari. Niliziba matundu yote ya Mwana-Anga. Mafuta yakaelezwa. Rubani akapewa pacha. Dokta Rehani akapewa ukurasa mzima wa kukumbuka mvua ya kwao, na mumewe akamsikiliza bila kutoa hotuba. Ngumi niliziweka mwishoni, mstari mmoja, kama chumvi: Kapteni akampiga askari ngumi tatu kali, akaanguka. Nilipomaliza Bi Mwanaidi akasema taratibu, "Leo maneno yamekaa." Salumu akanitazama kama niliyemnyang'anya sahani. "Ndo nini sasa? Ngumi tatu wapi? Kwa mkono upi? Mie sikukaa hapa kusikiliza barua ya mapenzi." Fundi Chilumba alikata uzi wake, akautazama ukuta. "Huyo mwandishi, popote alipo, aambiwe," akasema. "Mtu akipiga ngumi, na yeye anapata kitu. Mkono unauma. Bega linakwenda. Sasa huyo kapiga tatu, mbona kabaki kasimama kama mlingoti?"

Wiki ya pili niliweka ngumi nyingi zaidi, na zilikuwa mbaya zaidi. Nilimfanya Kapteni amshike Gunza shingo kwa nyuma huku mkono ule ule ukizuia kisu mbele. Nilikuwa nimeandika bila kufikiri, nikasoma bila kufikiri. Fundi aliinuka. Alichukua shati lililounganishwa kwa pini tu, akamvalisha Salumu, akamwambia, "Fanya kama alivyofanya Kapteni." Salumu akapeleka mkono nyuma, akajaribu kuuleta mbele, pini za kwapani zikachomoka zote, moja ikaruka mpaka kwenye sahani. Kila mtu alicheka. Fundi peke yake hakucheka. Aliushika mkono wa Salumu akaupandisha na kuushusha polepole, akionyesha kwa chaki. "Mkono una mahali pake pa kutokea. Ukitaka ufike juu, kwapa likatwe juu. Ukilikata chini ukidhani unampa nafasi, ndo umemfunga. Huyo mwandishi, popote alipo, aambiwe aanze na kwapa." Nilikuwa nimekaa na gazeti langu, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa kwanza nilielewa kwa nini yale mashati ishirini yalikuwa yanapanda: mikono niliitoa mahali pasipo pake. Jumatatu nilishona shati zima, mikono yote miwili, na mtoto angeweza kuomba ruhusa ya kwenda chooni bila aibu.

Mwaka ule nilijifunza kazi mbili kwa mwalimu mmoja, na nilidhani ananifundisha moja. Kila Jumamosi alikuwa na neno la kumpelekea mwandishi. Aambiwe mtu mnene hachoki kwa pumzi tu, anachoka kwa magoti. Aambiwe mwoga anapigana vizuri dakika ya kwanza. Aambiwe ampe Dokta Rehani mkasi, amwache na yeye apige mtu, mbona kila siku analia? Nilikwenda nyumbani na maneno hayo nikayaandika kabla sijala. Kufika mwezi wa tisa, nikisoma ngumi, sindano zilikuwa zinasimama tena, na Salumu alikuwa amerudi kwenye ukuta wake. Siku moja nilimfanya Gunza, baada ya kupigwa, akae akitafuta kiatu chake kilichotoka. Si zaidi ya hapo, mtu mkubwa anatafuta kiatu. Bi Mwanaidi aliweka nembo yake chini akasema, "Masikini." Sijapata sifa kubwa kuliko ile tangu hapo, na nimepewa vikombe viwili vya kioo na watu wenye suti.

Desemba, Fundi alinikuta napiga pasi akaniambia bila kunitazama, "Binti, unasoma vizuri. Kuna gazeti jipya kule mjini, wanatafuta watu. Nenda na ulichonacho." Nikamuuliza nilichonacho ni kipi. "Utajua mwenyewe," akasema. Akanipa blauzi ya kijani aliyoishona yeye, mikono imekaa kama imeota mwilini. Nikaenda na madaftari yangu chini ya kwapa la blauzi ile, nikachukuliwa kazi Jumatatu, wakataka nianze Jumanne. Jumamosi iliyotangulia nilikuwa nimewaacha pabaya: chombo kinaondoka Zohali, Kapteni Nyengo ananing'inia mlangoni kwa mkono mmoja, na Gunza amesimama juu ya vidole vya mkono huo. Nilikusudia kurudi kumalizia. Sikurudi na hadithi. Nilirudi na sukari, na sabuni, na baadaye na watoto wangu, kila sikukuu, tukaongea mengi, lakini hadithi ya gazeti lililokufa nani angeiuliza? Nilidhani wamesahau. Na kwa miaka yote hiyo, kila nilipoogopa kazi, nilijipa moyo kwa siri moja: niliwahi kuwadanganya mafundi saba wenye akili zao kwa miezi minane, basi na hawa nitawaweza.

Haya yote nilikuwa nawasimulia wale wajukuu, nusu kwa sauti, nusu kimoyomoyo, pale kwenye mkeka Chamazi, na sikuona kwamba Bi Mwanaidi ameamka. Alikuwa amelala pembeni yetu, amejifunika kanga, mzee sasa, mifupa mitupu na macho yale yale. Nilipofika kwenye gazeti alicheka kwa pua. "Mwana wewe," akasema, "lile gazeti si ulikuwa unalishika hivi?" Akanyanyua mikono miwili mbele ya uso wake. "Wewe unaona ndani. Sie tunaona nje. Nyuma kulikuwa na picha ya golikipa kalala kifudifudi, mpira uko wavuni. Wiki ya kwanza kalala. Wiki ya pili kalala. Miezi minane, Dija, yule kijana hajainuka. Salumu alishampa jina."

Uso ulipata moto kama wa binti wa miaka kumi na tisa. Nikamuuliza kwa nini hawakusema. "Fundi alituita siku ile ile ya kwanza, ulipotoka kwenda kuosha sahani," akasema. "Akatwambia, atakayemwambia huyu mtoto, vifungo vyote vya Jumamosi atashona peke yake. Sasa nani anataka? Halafu..." Akaivuta kanga yake, akatazama pembeni. "Halafu mie nilitaka kujua huyo Kapteni anafika nyumbani au hafiki. Ujinga ule. Uliondoka umemwacha ananing'inia, mtoto wa watu. Fundi mwaka jana, anaumwa, nimekwenda kumwona, kitu cha kwanza kaniuliza, 'Hivi Dija kashamteremsha yule mtu? Mkono utakuwa umechoka sasa.'"

Nililia hapo, na si kwa aibu. Nililia kwa vifungo. Watu saba walishona vifungo vyangu kila Jumamosi kwa miezi minane wakijua wanachonunua, na walichonunua ni ngumi zisizo na mkono na rubani mwenye pacha. Yule mwandishi popote alipo alikuwa mita mbili mbele yao, kwenye kigoda. Kila neno alilotumiwa lilifika. Nimemshukuru Mungu kwa mengi katika maisha haya, lakini sikuwa nimemshukuru kwa golikipa.

Yule binti alisubiri mpaka nikapangusa uso, kisha akarudi kwenye swali lake, maana wajukuu wa Fundi hawaachi jambo. "Kwa hiyo anti, yanaokoa au hayaokoi?" Nikamwambia ukweli ninaoujua. Hadithi ya Mwana-Anga haikuokoka, ilikufa mbovu kama ilivyozaliwa. Lakini mtu huyo, ambaye sikuwahi kumjua, alikuwa na kitu kimoja alichokifanya kwa haki, na kwa ajili ya kitu kile kimoja watu saba waliweka kiti mbele yao kila Jumamosi, na mimi nikakikalia. Mapigano yake yaliniokoa mimi. Kaka mtu akazima simu. "Na Kapteni je?" akauliza. "Alifika?" Bi Mwanaidi hakuuliza, ila alikuwa ameshajiinua akaegemea ukuta, na mkono wake ulikuwa unapapasa mkekani kutafuta kitu cha kushona.

Nikawaambia chombo kilikuwa kimeshaacha ardhi, Gunza kasimama juu ya vidole vya Kapteni, na ni mkubwa, na mlango ni mwembamba. Ila Kapteni Nyengo siku hiyo alikuwa amevaa shati alilokatiwa na fundi mmoja wa Tandika, kwapa limekatwa juu. Nikaunyoosha mkono wangu wa kulia mpaka juu kabisa, waone unavyofika, nikaanza.